Tumbo limenishika

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nilikuwa ukurasa wa 7 wa ripoti ya kurasa 14, ya kampuni moja inayolima na kufungasha mboga, ambayo ilitaka viongozi wa wafanyakazi wapate nakala ya Kiswahili. Meneja aliyeiandika alisema mwezi ule banda la kufungashia halikuwa na jambo kubwa, isipokuwa "the usual gripes" kuhusu maji ya kunywa. Nikaandika "malalamiko ya kawaida", nikasonga mbele. Aya mbili baadaye nikarudi nikafuta.

Nilifuta kwa sababu gripe si lalamiko. Lalamiko lina heshima yake. Lina faili. Ukifika baraza la ardhi la kata, au mbele ya msuluhishi wa migogoro ya kazi, mmoja wenu ni mlalamikaji na mwingine ni mlalamikiwa, na majina hayo yanaandikwa kwenye karatasi yenye mhuri. Ofisi za serikali zina sanduku la maoni na malalamiko, limepigwa kufuli, na hata kama halifunguliwi mara kwa mara, kule kuwepo kwake ukutani ni kukiri kwamba mtu anaweza kuwa na neno. Gripe haina sanduku. Ni neno la msikilizaji aliyechoka kabla hujafungua kinywa. Mtu akiita maneno yako gripe, ameshakupimia uzito wako, na mizani imesoma karibu na sifuri.

Basi nikaanza kutafuta. Kero? Kero ni kitu, si sauti. Jiwe likiingia kwenye kiatu ni kero hata kama hujasema neno. Lawama? Lawama lazima impate mtu, na hapa hakuna aliyetajwa. Manung'uniko yalikaribia zaidi, na nitarudi kwayo. Lakini kilichonijia kwanza, na nikaona aibu kidogo kwamba kilinijia, ni "wanalialia". Kiswahili kikitaka kulidogosha tendo hulirudia. Kulia ni kulia; mtu mzima hulia msibani na watu wakamshika mkono. Kulialia ni kwa mtoto anayedeka. Nadhani hilo ndilo alilomaanisha meneja, na kwa kipimo cha ufasiri mtupu ningeweza kuliandika. Ila watakaosoma nakala hii ni wenyewe waliosemwa.

Nilipokwama hapo nikakumbuka kwamba neno lile nililijua kabla sijajua Kiingereza.

Tulikaa Muheza. Mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa na miaka 6, na katika kabati la mama, juu kabisa, nyuma ya vikombe vya wageni, palikaa chupa ya Woodward's Gripe Water. Nakumbuka picha yake: mtoto mnene aliyemkamata nyoka kwa mkono. Mama aliisoma kama ilivyoandikwa, gri-pe, herufi kwa herufi, kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyotufundisha kusoma. Bibi hakujisumbua na jina hilo. Kwake yalikuwa maji ya chango.

Na chango nililiona kwa macho. Jioni, jua likishazama, mdogo wangu alikuwa anakunja magoti mpaka kifuani, anafumba ngumi, uso mzima unakunjamana, tumbo limekaza kama ngoma iliyotoka motoni. Alilia kilio ambacho hakikuwa cha njaa. Hata mimi wa miaka 6 nilikitambua. Mama anamlaza kifudifudi kwenye paja, anamsugua mgongo. Kijiko kidogo cha yale maji. Baada ya muda ngumi zinafunguka, kidole kimoja kimoja.

Chupa ile ina historia ambayo sikuitarajia. William Woodward alikuwa mfamasia wa mji wa Nottingham, Uingereza, na alianza kutengeneza dawa yake mwaka 1851. Alichukua wazo kutoka kwenye dawa waliyokuwa wakipewa watoto wenye homa ya mabwawa, na homa hiyo ilikuwa malaria. Upande wa mashariki wa Uingereza, nchi ya majimaji iitwayo Fens, watu walitetemeka kwa malaria kama sisi tulivyotetemeka Muheza. Ndani ya chupa ya zamani mlikuwa na mafuta ya mbegu za shibiti, magadi laini, sukari, maji, na kileo. Hicho cha mwisho kiliondolewa baadaye, na leo kliniki zetu humwambia mama kwamba mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe kitu chochote ila ziwa. Sina ugomvi na ushauri huo. Mimi nazungumzia jina lililokuwa kwenye karatasi ya chupa, kwa sababu jina hilo halikuwa la kampuni wala la mtu, kama nilivyodhani utotoni. Lilikuwa jina la maumivu.

Na kabla ya kuwa maumivu lilikuwa mkono.

Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi grīpan, maana yake kushika, kukamata, kutia mkononi. Jamaa zake wamezagaa Ulaya ya kaskazini hadi leo: Mjerumani ana greifen, Mholanzi ana grijpen, na Kiingereza chenyewe kina grip, ule mshiko wa kiganja. Ile ī ilitamkwa ndefu, kama "ii" yetu. Karne kadhaa baadaye irabu ndefu za Kiingereza zilihama, na "ii" ikawa "ai", ndiyo maana leo wanasema graip. Maana yake ni kwamba mama yangu, akisoma chupa kwa herufi za Kiswahili jikoni kwake, alikuwa karibu na matamshi ya kale kuliko mwalimu aliyekuja kunisahihisha darasani.

Shakespeare alilitumia neno hili akiwa na mkono mawazoni. Macbeth, mfalme katika tamthilia yake, analia kwamba wamemtia fimbo ya kifalme isiyo na uzao katika gripe yake, yaani kiganjani. Katika tamthilia nyingine, ile ya wake wa Windsor, mtu mmoja anamwapiza mwenzake: tai na wayashike matumbo yako! Kitenzi ni hichohicho gripe. Hapo unauona mkono ukihama, ukucha wa tai ukiingia tumboni. Kufikia karne ya 17 Mwingereza akisema gripes, anazungumzia tumbo linalomshika na kumwachia, kumshika na kumwachia.

Sisi tunalisema hilo kila siku na hatuoni ajabu. Tumbo limenishika. Homa imemshika. Uchungu umemshika, mwiteni mkunga. Kwa Kiswahili ugonjwa una mikono, na mgonjwa ni mtu aliyekamatwa. Wafaransa nao walichukua mzizi uleule wa kushika wakaupachika kwenye mafua makali, wakayaita grippe, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia shule za Kifaransa wakipata mafua hayo hutumia neno hilo. Sidhani watu hawa wote waliigana. Nadhani maumivu ya ndani yanafanana na mkono kiasi kwamba mtu yeyote aliyewahi kuyapata, popote alipo, akiulizwa unajisikiaje atakunja ngumi yake na kukuonyesha.

Kisha nikafika mahali paliponinyamazisha kwa muda. Jiji la London lilikuwa na desturi ya kutoa orodha za vifo, kila wiki na kila mwisho wa mwaka, zikitaja watu wamekufa kwa nini. Orodha ya mwaka 1665 ni maarufu kwa sababu ya tauni: watu 68,596. Lakini tauni haikuwa peke yake. Kwenye safu ileile, kwa mpangilio wa alfabeti, pameandikwa kushikwa kwa matumbo, griping in the guts, na mbele yake namba 1,288. Hao ni watu. Wengi wao, tukikisia kwa elimu ya leo, waliuawa na maji machafu na chakula kilichoharibika, na pengine wengi walikuwa watoto. Walikufa kwa gripe. Ndilo neno lililoandikwa.

Karne iliyofuata, katika visiwa vya Karibi, lilikuwepo gonjwa lililoitwa gripe kavu. Tumbo linasokota siku nzima, choo hakitoki, na baadaye mikono inalegea hadi mgonjwa hawezi kuinua kiganja. Mwaka 1745 daktari Thomas Cadwalader alichapisha insha juu yake mjini Philadelphia, na mchapaji wake alikuwa Benjamin Franklin. Chanzo tunakijua leo: ramu iliyopikwa kwenye mitambo yenye madini ya risasi. Kule Devon, Uingereza, maumivu kama hayo yaliwapata wanywaji wa mvinyo wa tufaha, na kwa miaka mingi madaktari walisema ni ukali wa kinywaji chenyewe. Mwaka 1767 George Baker akaonyesha kwamba ni risasi iliyomo kwenye mashine za kukamulia. Hakushukuriwa. Wenye mashine walimkasirikia, na wengine wakamkana hadharani. Nimelitafakari sana hili, kwa sababu wale watu wa Devon walikuwa wakisema kwa vizazi kwamba tumbo linawashika, na kila mara jibu lilikuwa kwamba hali ndiyo hiyo, ndivyo kinywaji kilivyo. Ya siku zote.

Sasa neno lile zito lilishukaje likawa la kumpuuza mtu? Ilikuwa Marekani, na ni juzi tu kwa umri wa lugha: gripe kwa maana ya kunung'unika linaonekana katika maandishi miaka ya 1930. Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walikuwa wameanza kusema mtu "anaumwa tumbo", bellyache, wakimaanisha kwamba analalama tu. Wakati huohuo walikuwa na beef, nyama ya ng'ombe, kwa maana ya malalamiko. Hilo lilipita kwenye muziki wa vijana likatufikia sisi, na leo wasanii wawili wa Bongo Fleva wakikosana tunasema wana bifu. Wayahudi waliohamia New York walikuja na kvetch, ambalo katika lugha yao ya Kiyidi ni kukamua, kubana. Mkono tena.

Ukiyatazama maneno haya pamoja unaona kitu kimoja kikifanyika. Mtu anasema, naumwa. Anayesikia anachukua lile neno la maumivu, anamrudishia kama jina la tabia. Anaumwa tumbo, huyo. Maumivu yametolewa, imebaki sauti yake tu, na sauti bila maumivu ni kelele.

Hata complain, neno lao rasmi, lilitoka mwilini. Lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini plangere, yaani kupiga, na hasa kujipiga kifua kwenye msiba. Mzizi huo ndio uliozaa plaintiff, mdai mahakamani. Na plague, tauni ile ya 1665, ni binamu yake: ni pigo. Ajabu ni kwamba hili, tofauti na gripe, lilipanda badala ya kushuka. Lilitoka kifuani likaingia mahakamani. Na halikusahau mwili: Mwingereza akisema ana stomach complaint, hamshtaki mtu, anaumwa tumbo. Kiarabu kinakwenda vivyo hivyo. Kitenzi kilichotupa kushtaki, kwao ni kulalamika kwanza, na Mwarabu akiwa mbele ya daktari hukitumia hichohicho kueleza anaumwa wapi. Sisi tulipokichukua, tulikipeleka moja kwa moja polisi. Sasa tunashtaki watu, matumbo hatuyashtaki.

Nilisema nitarudi kwenye manung'uniko.

Kunung'unika ni neno la mdomo uliofungwa. Jaribu kulitamka taratibu: ile ng' inapita puani, midomo haina kazi kubwa. Ni maneno ya mtu ambaye akiyasema wazi atapata shida, basi anayatolea puani ili wenzake wasikie na bwana mkubwa asiwe na hakika. Ndiyo maana lina harufu ya woga, na ndiyo maana pia, kanisani tulipokulia, lilikuwa dhambi. Tuliambiwa wana wa Israeli walinung'unika jangwani na yakawakuta yaliyowakuta. Sikuwahi kufungua mwenyewe kuangalia walinung'unikia nini. Usiku ule nilifungua. Kutoka, sura ya 15. Wametembea siku tatu nyikani bila kuona maji. Wanafika Mara, wanakuta maji, hayanyweki, ni machungu. "Ndipo watu wakamnung'unikia Musa, wakisema, Tunywe nini?"

Nilisoma mara mbili. Wanauliza swali. Siku tatu, na watoto, na mifugo, na maji ni machungu, na swali ni tunywe nini. Na katika sura hiyo hakuna anayepigwa kwa kuuliza. Musa anaonyeshwa mti, anautupa majini, maji yanakuwa matamu, watu wanakunywa. Nimeketi kwenye mabenchi ya kanisa miaka mingi nikisikia mahubiri juu ya ubaya wa kunung'unika, na sikumbuki hata moja lililokaa kwenye kituo hicho cha kwanza baada ya kuvuka bahari, ambapo manung'uniko yalihusu maji na yakajibiwa kwa maji.

Nikairudia ripoti. Ukurasa wa 5, kurasa mbili kabla ya ile sentensi, palikuwa na jedwali nililolifasiri asubuhi bila kulitazama, kwa sababu majedwali ndiyo kazi nyepesi. Lilikuwa la wafanyakazi waliopewa ruhusa ya ugonjwa mwezi ule, bila majina, namba ya mfanyakazi na sababu tu. Banda la kufungashia: tumbo. Tumbo. Mgongo. Tumbo. Kuharisha. Tumbo. Homa. Tumbo.

Yule meneja, nina hakika, hakulijua neno lake. Aliandika gripes kwa maana ya watu wanaonung'unikia maji, na bila kutaka akawa ameandika, kwa Kiingereza cha 1665, kilichokuwa kikiwapata.

Mfasiri hana ruhusa ya kumrekebisha mwandishi. Hilo nalishika, hata siku ambazo linaniuma. Sikuweza kuandika kwamba maji yanawasokota watu matumbo, kwa sababu ukurasa wa 7 haukusema hivyo. Lakini sikulazimika pia kuandika wanalialia. Mwishowe niliandika: "Malalamiko yaleyale kuhusu maji ya kunywa yameendelea." Uchovu wa meneja umo, kwenye yaleyale. Na wanaosema wamepewa neno lenye faili. Kisha pembeni, mahali ambapo mfasiri humwachia mteja maelezo, nikaandika mistari miwili: kwamba neno la asili lina dharau kidogo ambayo huenda wasomaji wa Kiswahili wasiipokee vizuri, na kwamba nashauri ukurasa huu usomwe pamoja na jedwali la ukurasa wa 5.

Kesho yake dada wa ofisi ya utumishi, aliyenipa kazi ile, alinitumia ujumbe. "Kaka, habari za kazi. Nimeona maelezo yako. Hili jedwali unalosema lina uhusiano gani na hapa?" Nilianza kumwandikia habari za grīpan na za Nottingham, nikafuta. Nikamwandikia, "Dada, naomba uhesabu wanaoumwa tumbo."

Jioni nilimpigia mama. Nilimuuliza ile chupa aliiacha lini. Akasema mdogo wako alipofika miezi minne hivi, chango likakoma lenyewe, kama linavyokoma kwa watoto wengi. Nikamuuliza majirani hawakuchoka na kile kilio. Akanyamaza kidogo, akasema walikuwa wanakuja. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anakuja na taa yake, anampokea, anamtembeza uani, ili yeye alale kidogo.

Wiki iliyofuata kampuni ilinitumia kazi nyingine, ukurasa mmoja, tangazo la kubandikwa ukutani. Kiingereza chake safari hii kilisema complaints. Nililifasiri kwa dakika tano: "Kufuatia malalamiko ya wafanyakazi wa banda la kufungashia, tangi la maji ya kunywa litamwagwa na kusuguliwa siku ya Jumamosi. Hadi hapo maji yataletwa kwa madumu."